Datsun 160J inazima ikipata moto barabara ya Sala, ikipoa inawaka. Naiandaa kwa rali, nianzie wapi?

MwanaBarani
Salaam wadau. Nina Datsun 160J ya 1978, umbo lile lile ambalo Shekhar Mehta alilishindia Safari Rally mara nne. Naitengeneza mwenyewe nyumbani Barani, Malindi, kidogo kidogo, mshahara ukiruhusu. Injini yake ya L16 ilikuwa imekufa, nikaweka L18 iliyotoka kwenye 180B. Kabureta ni ile ile ya Hitachi. Pampu ya mafuta ni ya kiwandani, ile inayosukumwa na kemshafti.

Mjini haina neno. Hata Watamu naenda na kurudi. Lakini nikishika barabara ya Sala, nikaipita Kakoneni, lami ikaisha nikaanza kuikanyaga kama mtu wa rali, hatufiki mbali. Inaanza kukohoa, inavuta na kuachia, halafu kimya. Mshale wa joto uko katikati. Nikikaa kivulini kama robo saa nikapiga stata, inawaka mara moja, utadhani si yenyewe iliyonitia aibu mbele ya wachunga mbuzi.

Fundi wa kwanza kasema koili ya cheche. Wa pili kasema pampu. Wa tatu kaniambia niuze. Mwakani nataka kuingia rali za hapa Pwani na gari hili hili. Swali la pili: nina mabomba ya maji ya inchi moja na nusu yaliyobaki kwenye ujenzi. Yanafaa kwa rolikeji, ile ngome ya mabomba ya kukinga watu gari likipinduka?

Mzee_wa_504
Mara tano, kijana. 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Ile ya 1973 alilingana adhabu na Harry Källström, wote wawili Datsun, ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kuadhibiwa. Ndipo akapewa Mehta.

Gari lako lina ugonjwa wa mvuke. Kwenye injini za L, manifoldi ya kuingiza na ya eksozi ziko upande mmoja wa kichwa, kwa hiyo kabureta imekalia moto. Petroli inachemka kwenye mrija, pampu inavuta mvuke badala ya mafuta. Usogeze mrija mbali na injini, uuvike kitu cha kukinga joto, na uweke bati kati ya kabureta na eksozi. Utanishukuru.

MwanaBarani
Mzee, nilisema mara nne *kwa umbo hili*. 1973 alikuwa na 240Z. Hapo hujanipata 😀 Hayo mengine nimeyapokea, shukran.

Mzee_wa_504
Sawa, wakili.

FundiSabaki
Mzee shikamoo, lakini kwa mvuke sikubaliani nawe. Mvuke hukamata zaidi ukisimama na injini ina moto, si ukiwa mbioni. Gari likikimbia hewa inapita na petroli inavutwa kwa wingi, haipati nafasi ya kukaa mrijani ikachemka. Huyu anazimikiwa akiwa amekanyaga.

Mimi nasema umeme. MwanaBarani, koili uliyoweka ni ya aina gani? Mifumo mingi ya pointi (viswichi vya kukatia umeme wa koili) ya zama hizo ina koili inayofanya kazi pamoja na rezista ya nje. Fundi akiona rezista imevunjika akaunga waya moja kwa moja, koili inabeba volti 12 muda wote, inaiva, na pointi zinaungua. Ikipoa inarudi kazini. Hayo ndiyo unayoyaeleza. Na kondensa ibadilishe bila kufikiri mara mbili, ni kitu kidogo na huwa kinakufa kikipata moto.

Chuma_ya_Magarini
Mnamzungusha kijana wa watu. Toa hiyo Hitachi, weka Weber 32/36. Toa pampu, weka ya umeme ya Probox. Kwisha. Jumamosi uko Marafa unakunywa madafu.

Kadzo_Navigeta
@Chuma_ya_Magarini utamchoma. Pampu ya Probox ni ya injini ya EFI, isiyo na kabureta, inasukuma shinikizo la psi 40 na kitu. Weber inataka kama 3 tu. Ile sindano ya chemba ya boya, kidimbwi cha mafuta cha kabureta, haiwezi kuzuia nguvu hiyo, petroli itafurika juu ya eksozi ambayo Mzee keshatuambia iko hapo hapo chini. Akitaka ya umeme atafute ile ya shinikizo dogo, ya magari ya kabureta, aifunge nyuma karibu na tangi na chini kuliko tangi, maana pampu hizo zinajua kusukuma kuliko kuvuta. Na lazima iwe inajikata yenyewe injini ikizima. Gari likipinduka, pampu inayoendelea kumwaga petroli ndiyo inayoua watu.

MwanaBarani, mabomba ya maji HAPANA. Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, Kiambatisho J, kifungu cha 253: chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, nguvu isiyopungua N 350 kwa milimita mraba. Upinde mkuu ni bomba la milimita 45 lenye unene wa 2.5, au 50 lenye unene wa 2.0. Mengine ni 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Mkaguzi wa rali hahitaji kukisia, anakuja na kipimo chake. Tena hayo yako kama yamepakwa zinki, ukiyachomea moshi wake utakulaza na homa usiku kucha. Tengenezea banda la kuku.

Chuma_ya_Magarini
Mimi yangu ina pampu ya EFI na sijaungua. Nimeweka rigyuleta ya kupunguza shinikizo.

Kadzo_Navigeta
Rigyuleta hukuitaja.

Chuma_ya_Magarini
Mlinipa nafasi?

MashuaNaMashine
Mimi mtu wa Amu, gari sina na sihitaji, usafiri wetu mnaujua. Lakini mniruhusu niseme la boti. Mashine ya boti ikizima baharini baada ya mbio ndefu, kitu cha kwanza tunachoangalia ni kifuniko cha tangi. Pale juu pana skrubu ya kupumulia. Ukisahau kuifungua, mashine inavuta petroli na hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mwisho tangi linakataa kutoa. Ukienda polepole hugundui kitu. Ukikaa kidogo, hewa inajipenyeza, inawaka tena, unajiona fundi.

Gari lako linapumulia wapi?

Chuma_ya_Magarini
Punda wa Lamu anapumulia mbele na nyuma, hana shida hiyo 😂

MashuaNaMashine
Na hajawahi kuachwa njia ya Sala akisubiri apoe.

MwanaBarani
😂😂 Wallahi umenipiga pabaya. Ami wa Amu, swali lako zuri. Kifuniko si chake. Cha asili kilipotea, nikanunua cha pikap, kinafunga sawasawa. Mrija wa kupumulia sijauona, ila kule chini kumepakwa lami nyeusi na mwenye gari wa kwanza, huenda umefukiwa.

MashuaNaMashine
Basi nimemaliza. Nitumie samaki.

FundiSabaki
Hujamaliza. Cheche je?

Kadzo_Navigeta
Badala ya kubishana, kijana apime. Hitachi ina dirisha dogo la kioo kwenye chemba ya boya, lenye alama ya usawa wa mafuta. MwanaBarani, safari hii ikizima usikimbilie kivulini. Fungua boneti hapo hapo. Kioo kikionyesha mafuta yako kwenye alama, shida si mafuta. Yakiwa yamekauka, shida si umeme. Kisha beba plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya mmoja, ulaze kiwiliwili chake kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta, mtu apige stata uangalie cheche. Usiishike kwa vidole kama wanavyofanya wengine wakajikuta wanacheza mdundiko. Mwisho fungua kifuniko cha tangi usikilize.

Dakika tano tu, na utajua ugonjwa uko upande gani kabla hujanunua Weber ya mtu yeyote.

TangaLaini
Wakuu salama, nasoma uzi huu kutoka Tanga, hali ya hewa yetu na yenu ni moja. Mnasahau kutu. Gari la miaka hiyo lililokaa Pwani, tangi lake kwa ndani lina kutu kama unga. Mjini unga umelala chini. Ukiingia kwenye makorongo unakorogeka, unaenda kuganda kwenye chujio la mdomo wa bomba ndani ya tangi. Mafuta yanapungua, gari linakohoa, linazima. Ukisimama mvuto unaisha, unga unaachia na kuzama. Baada ya robo saa gari zima. Halihusiani na joto hata kidogo, joto limesingiziwa kwa sababu huwa lipo.

Hapa kwetu nimeona gari limebadilishwa koili, pampu na kabureta, na dawa ilikuwa kushusha tangi na kulisafisha.

Mzee_wa_504
Huyu wa Tanga ana akili, lakini bado ni mvuke.

Bi_Mambrui
Hamjambo. Swali la mtu asiye fundi lakini mwenye mume fundi: radieta unaijaza maji ya wapi? Visima vingi vya karibu na bahari hapa Malindi na Mambrui maji yake yana chumvi. Kichwa cha injini hiyo ni cha aluminiamu. Maji ya chumvi yanakila taratibu kwenye njia za maji mpaka gasketi inakosa pa kukalia. Kikipoa kinaziba, kikipanuka kwa moto kinavujisha. Mshale kuwa katikati si ushahidi: maji yakishuka chini ya kipimo, kipimo kinabaki hewani na kinakudanganya.

Tumia maji ya bomba yanayotoka Baricho, au ya mvua, pamoja na kulanti, dawa ya radieta.

MwanaBarani
Bi, maji ni ya kisima cha nyumbani. Sikujua kama yana neno kwenye radieta. Chai tunapika kwa ya bomba, ya kisima ni ya kuoshea.

Bi_Mambrui
Na gari unaliosha kwa ya kisima?

MwanaBarani
Ndiyo.

Bi_Mambrui
Unalipaka chumvi halafu unalifuta kwa kitambaa safi. Haya.

Kobe_wa_Ngala
Mimi nadhani ni petroli ya siku hizi. Injini hizo zilitengenezwa kwa petroli ya risasi. Tangu risasi iondolewe, vali zinaungua.

FundiSabaki
@Kobe_wa_Ngala risasi iliondoka tangu 2006, ingekuwa hiyo lingekufa zamani. Na shida ya vali kuzama ni hasa ya vichwa vya chuma ambavyo viti vya vali vimechongwa humo humo. L ina kichwa cha aluminiamu, viti vyake vimepachikwa. Vali ikizama, kompresheni inapungua na gari linakuwa gumu kuwaka kila siku, si kuzima na kuwaka kwa kupokezana.

Kobe_wa_Ngala
Sawa. Nilikuwa napita tu.

MwanaBarani
Nimerudi. Imezima kama kawaida, mbele kidogo ya Langobaya. Matokeo:

Kioo: mafuta yako chini ya alama, lakini hayajaisha. Kama nusu.
Cheche: ipo. Ila ni ya rangi ya chungwa, si ya samawati.
Kifuniko cha tangi: kililia fsss. Si kwa nguvu. Sikutambua kama kilikuwa kinavuta ndani au kinatoa nje.
Koili: ya moto, nimeshika nikaachia.
Radieta: nilipoipoza nikaongeza kama glasi mbili.

FundiSabaki
Chungwa! Nilisema nini? Cheche dhaifu, koili imeiva. Kesi imefungwa.

MashuaNaMashine
Fsss! Samaki wangu awe changu, si tasi.

TangaLaini
Nusu ya alama maana yake mafuta yanakuja lakini hayatoshi. Chujio.

Mzee_wa_504
Kama kifuniko kilitoa nje, hiyo ni petroli iliyopata moto inavimba. Mvuke.

Bi_Mambrui
Glasi mbili zimekwenda wapi?

Kadzo_Navigeta
Nilidhani kipimo kitawanyamazisha 🤦🏾‍♀️

Mjue pia koili yoyote baada ya mwendo huo ni ya moto, kuishika si kipimo. Na cheche mchana wa jua la Malindi hata nzuri inaonekana hafifu. Kivulini, mkuu. MwanaBarani, mimi ningekwenda safari inayofuata na kifuniko kimelegezwa, kimefungwa kitambaa juu yake, bila kubadilisha kingine chochote. Tangi lisiwe limejaa, na usipige kona za kishujaa.

Chuma_ya_Magarini
Na Weber akiba kwenye buti.

Pwani_Rali_Shabiki
Wakati mnabishana kuhusu moto, nani amemuuliza hali ya bodi? Rali haiuliwi na koili, inauliwa na bati. MwanaBarani, chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe kwenye vizingiti vya milango, chini ya betri na juu ya minara ya shokabzoba za mbele. Mahali inapoachia, hapo pana puti, si chuma. Minara ndiyo muhimu, kwa sababu mbele gari hilo linabebwa na shokabzoba zilizosimama wima, na kila shimo linapiga pale juu. Ikiwa imeoza, shimo la kwanza la maana litaisukuma shokabzoba ikachungulia boneti.

Kata bati bovu mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, chomelea bati jipya, halafu pita ukiongeza chomeo kwenye mishono ya bodi, nusu inchi, acha inchi, nusu inchi. Usichomelee mfululizo, bati litapinda. Na toa waya za betri kwanza, na tangi ulishushe. Hata tupu. Hasa tupu, mvuke wake ndio unaolipuka.

MwanaBarani
Sumaku imeanguka kwenye kizingiti cha kulia na nusu ya kushoto. Minara imeshika, alhamdulillahi. Chini ya betri... tusiongelee.

Pwani_Rali_Shabiki
Basi una kazi ya kutosha mpaka kaskazi. Koili isubiri.

MwanaBarani
Na nguvu je? Nilikuwa nafikiria L20B baadaye, inatoa torki nzuri.

FundiSabaki
Inatoa, lakini bloku yake ni ndefu kuliko ya L16 na L18 kwa karibu sentimita mbili. Pa kuwekea kabureta na mrija wa eksozi patabadilika. L18 inaingia kama mwenye nyumba, ndiyo maana yako haikukusumbua. Kaa nayo. Hakuna aliyewahi kuishinda Safari kwa nguvu za farasi peke yake.

Mzee_wa_504
Hapo umesema. Joginder Singh 1965 alishinda na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari la kiwanda la mwaka uliotangulia, yeye na ndugu yake Jaswant. Lilikuwa mtumba. Walilifumua na kulifunga upya wenyewe, bolti kwa bolti. Peugeot nayo imeshinda mara sita: 404 mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, halafu 504 mwaka 1975 na 1978. Hakuna gari lililoijua Afrika kama Peugeot.

Chuma_ya_Magarini
1970, 1971, 1973, 1979, 1980, 1981, 1982. Hesabu mwenyewe, mzee. Zote Datsun.

Mzee_wa_504
Saba. Nimeona. Lakini tulianza sisi.

TangaLaini
Na hizo 404 za 1966 na 1967 ziliendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi huku Tanzania. Naweka tu hapa.

Pwani_Rali_Shabiki
Volkswagen ilianza kabla yenu nyote, 1953, Safari ya kwanza kabisa. Haya turudi kwa kijana.

Kadzo_Navigeta
MwanaBarani, usiipigie hesabu Safari Classic, ile ya magari ya zamani iliyoanza 2003, wale wanakuja na magari yamesafirishwa kwa kontena na mafundi wake. Anza na mashindano madogo ya KMSF, shirikisho la michezo ya magari Kenya. Kabla ya hapo nenda kama mtazamaji, usimame pale magari yanapokaguliwa, uone wanakataa nini. Mara nyingi hawakatai injini. Wanakatalia mikanda iliyopitwa na tarehe, kizima moto kilichofungwa kwa waya, betri isiyobanwa. Na tafuta navigeta, msoma njia wako, mapema. Asiwe shemeji yako.

MwanaBarani
Kwa nini asiwe shemeji?

Kadzo_Navigeta
Utamkemea kwenye steji (kipande cha mbio) ya pili, na sikukuu mtakutana.

MwanaBarani
😂 Sawa dada. Nimenunua kondensa, chujio la plastiki la kuonekana ndani, na kulanti. Kifuniko nimekitoboa tundu dogo la muda.

TangaLaini
Umebadilisha vinne kwa mpigo. Ikipona hutajua ni kipi.

MwanaBarani
Ikipona sitajali ni kipi 😅

Kadzo_Navigeta
Utajali ikirudia katikati ya steji. Na hilo tundu lizibe kabla ya rali, gari likilala ubavu litakuwa bomba. Tafuta mrija wa asili chini ya ile lami.

Dereva_Gongoni
Samahani kuingilia. Mimi 504 yangu ni kinyume cha huyu. Asubuhi inakohoa na kuzima, ikishapata moto haina neno mchana kutwa. Ni mvuke?

FundiSabaki
Ndugu, fungua uzi wako.

Mzee_wa_504
Mwache, ni 504. Mwanangu, ukivuta choki asubuhi, waya wake unavuta kitu au unavuta hewa?